Dogo, misindano ya baba mkubwa, na neno "majaribio"



Najua nimeadimika. Mara ya mwisho kuandika humu nilikuwa nalalamika kwamba bumu limechelewa, halafu kimya. Kuna walionitumia meseji kuuliza kama nimedisco. Sijadisco jamani, teh teh. Nilikuwa BTP Makambako, nikarudi chuo nikakuta lekcha zimeshaanza na madesa yamejaa meza. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Julai, na naona nisipoliandika halitatoka. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama una UE kesho, soma kwanza UE yako.

Kwa wasiopajua Makambako: ni njia panda. Barabara ya Dar kwenda Mbeya inapita pale, ya kwenda Njombe na Songea inachepukia pale, na reli ya TAZARA nayo ina stesheni pale. Kila mtu wa Kusini amewahi kunywa chai Makambako huku akitetemeka. Mimi nilipangiwa sekondari moja pale, Kiswahili na Historia, kidato cha kwanza na cha pili. Nilifikia kwa baba mkubwa, ambaye ana nyumba mjini na shamba la miti upande wa Njombe. Misindano yake ilikuwa imebakiza kama miaka minne tu ivunwe. Kumbukeni hiyo misindano, tutairudia.

Sasa kuna huyu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Nitamwita Dogo, jina lake halihusu. Ana miaka minane. Dada ameolewa kule chini ziwani, wilaya ya Ludewa, shemeji ni mvuvi. Watu wakisikia mkoa wa Njombe wanafikiria baridi, viazi na parachichi, wanasahau kwamba mkoa huohuo unateremka hadi Ziwa Nyasa, kwenye joto na mbu wa kutosha. Mwaka jana, mwezi wa kumi, Dogo alianza kuvimba taya. Wakadhani ni jino. Sehemu ya kwanza walikompeleka wakamng'oa jino. Wiki haijaisha likalegea la pili, na shavu likawa kama ameficha limau mdomoni. Wakamng'oa na hilo. Wiki tatu zikapotea hivyohivyo. Bahati nzuri akatokea muuguzi mmoja mzee akasema, "Huyu mtoto msimchezee, apelekwe mbele haraka." Njombe, halafu Muhimbili. Wakachukua kinyama, wakapima. Jibu: limfoma ya Burkitt, moja ya saratani za damu zinazowapata watoto.

Kemo ikaanza. Hapo ndo nilipoona kitu ambacho sijawahi kukiona: uvimbe ule ulinywea kama puto lililotobolewa, siku chache tu. Kabla ya Krismasi hakuna kitu, mwezi wa tatu akamaliza dripu ya mwisho, akarudi ziwani na kipara chake akiwa anacheza mpira. Tukamshukuru Mungu. Halafu Julai, mimi nina wiki ya pili BTP, dada akapiga simu. Uvimbe umerudi. Safari hii karibu na jicho.

Wakaja wote Makambako, dada, shemeji na Dogo, njiani kuelekea Dar. Na hapo ndo likaingia jambo lenyewe. Kuna mtu, mwacheni asiwe na jina, alikuwa amepewa namba ya shemeji na jamaa mmoja wa kwenye basi. Akapiga akisema ana "dawa mpya ya majaribio kutoka nje", kwamba saratani ikisharudi hospitali hazina tena la kufanya, na kwamba nafasi zimebaki mbili. Milioni nne na nusu. Nusu itangulie, dawa inafika baada ya wiki tatu.

Baba mkubwa hakusema sana. Alisema tu kwamba kuna mtu wa mbao aliwahi kuiulizia ile misindano, na kwamba miti inapandwa tena, mtoto hapandwi tena. Bibi yeye alishika neno moja tu: majaribio. "Mnataka kumfanya mjukuu wangu panya?" Shemeji akasema bora panya aliye hai. Dada analia. Mwisho wa yote baba mkubwa akanigeukia: "Wewe ndiye mwalimu. Tuna siku mbili kabla ya basi. Tuambie hayo majaribio ni kitu gani."

Wadau, mimi nasoma Elimu. Baiolojia niliiacha form four na hatukuagana vizuri. Lakini bando lilikuwepo, na usiku wa Makambako mwezi wa saba ni mrefu na hauna pa kwenda. Nikakaa jikoni karibu na jiko la mkaa, nikasoma.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba ugonjwa huu ni wa kwetu, hata hadithi yake ni ya kwetu. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Mwaka 1958 akaandika kuhusu ugonjwa huo. Halafu akajiuliza swali ambalo mwalimu wa Jiografia angelipenda: mbona unapatikana huku na haupatikani kule? Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaenda kuuliza hospitali kwa hospitali hadi kusini mwa Afrika, maili zipatazo 10,000. Wakagundua kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Ukipanda milimani kwenye baridi, unapotea.

Nilipofika hapo nilisimama. Yaani ramani ya Burkitt inaukata mkoa wetu katikati! Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ni upande wa baridi. Ziwani kwa kina Dogo ni upande wa pili. Baadaye ikaeleweka kwa nini: mwaka 1964 wanasayansi London waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kile kinachoitwa Epstein-Barr, na malaria ya mara kwa mara nayo huuchokoza mwili mpaka seli zinaharibikiwa. Kirusi kile karibu kila mtu anacho, mimi na wewe tunacho. Malaria ya ziwani ndiyo haipo Njombe. Nilimweleza dada hilo kwa sababu kuna jirani alikuwa amemwambia mtoto amerogwa kwa ajili ya nyavu za baba yake.

Kitu cha pili ndicho kilichotuhusu zaidi. Mwaka 1967 palifunguliwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huu, ndicho kilichokuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mmarekani, John Ziegler, na baada ya yeye kuondoka enzi za Idi Amin kazi ikashikwa na Mganda, Charles Olweny. Pale ndipo watoto wa Afrika Mashariki walipopewa dawa ambazo wakati huo zilikuwa bado ni swali: saiklofosfamaidi, methotreksati, vinkristini. Hiyo vinkristini asili yake ni ua dogo la Madagaska ambalo watu wengi hulipanda tu mbele ya nyumba kwa urembo. Wengi walipata nafuu. Lakini kwa wengine uvimbe ulirudi, na Ziegler na wenzake wakafanya kitu ambacho wengine wangechoka kukifanya: waliendelea kuwatibu na kuandika nani karudiwa lini. Mwaka 1972 wakachapisha. Waliorudiwa mapema, ndani ya miezi mitatu hivi, hali yao ilikuwa ngumu, dawa zilikuwa zimezoeleka. Waliorudiwa baadaye, wengi wao dawa ziliwasaidia tena.

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili. Desemba mpaka Julai. Nikahesabu tena.

Kitu cha tatu: hapahapa Tanzania. Kabla ya miaka hiyo ya 2000, mtoto mwenye Burkitt kwenye hospitali zetu kubwa nafasi yake ya kupona pengine haikuzidi asilimia 10 mpaka 20. Ukaja mpango wa mtandao mmoja wa kimataifa uitwao INCTR, ukihusisha hospitali nne za Afrika ya ikweta, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar ikiwa mojawapo. Matokeo yalitoka mwaka 2012, na jina la kwanza kwenye ripoti ni la Mtanzania, Profesa Twalib Ngoma wa Ocean Road. Wagonjwa 356. Walipewa dawa tatu za mwanzo, zilezile za Kampala, na ambaye uvimbe haukuisha au ulirudi mapema akahamishiwa kundi la pili la dawa, ambazo zinaushambulia ugonjwa kwa njia nyingine. Baada ya mwaka mmoja asilimia 67 walikuwa hai, baada ya miaka miwili 62. Kwa hiyo yule mtu wa kwenye simu aliyesema "ikirudi hakuna la kufanya" alikuwa anasema uongo uliokuwa umeshajibiwa kwa maandishi, na waliojibu ni wagonjwa 356 na familia zao.

Sasa neno lenyewe, majaribio. Sisi walimu tunalitumia kila siku: jaribio la wiki, jaribio la katikati ya muhula. Kwenye jaribio letu anayepimwa ni mwanafunzi. Kwenye majaribio ya dawa anayepimwa ni dawa. Na zina madarasa kama shule. Awamu ya kwanza swali lake si "inaponya?" Swali lake ni "mwili unavumilia kiasi gani?" Wanaanza na watu wachache, kipimo kidogo, wanasubiri, wanaona madhara, wanapandisha kidogo. Kwa dawa nyingi mpya hao wachache huwa ni watu wazima wenye afya nzuri, lakini kwa saratani huwa ni wagonjwa, mara nyingi wale ambao ugonjwa umerudi na dawa zinazojulikana zimeisha. Awamu ya pili ndo wanauliza kama inafanya kazi. Ya tatu wanailinganisha na dawa iliyopo, kwa watu wengi. Kwa hiyo mtu akikuahidi kupona kwenye awamu ya kwanza, hajui anachouza, au anajua sana.

Lakini sitaki kuwadanganya upande wa pili pia. Kuna awamu ya kwanza iliyogeuza mambo. Aprili 2012 huko Philadelphia, Marekani, mtoto wa miaka sita, Emily Whitehead, mwenye lukemia iliyomrudia mara mbili, alipewa tiba ambayo hakuna mtoto aliyewahi kupewa. Walichukua chembe zake mwenyewe za kinga, wakazifundisha maabara kuitambua saratani, wakamrudishia. Homa ikampanda mpaka akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, na kilichomwokoa ni dawa ya ugonjwa wa viungo ambayo mmoja wa watafiti aliijua kwa sababu ya binti yake mwenyewe. Akapona, na miaka kumi baadaye bado alikuwa mzima. Mwaka 2017 tiba hiyo ikaruhusiwa Marekani. Bei yake ilitangazwa dola 475,000. Piga hesabu ya misindano mwenyewe.

Na si huko mbali tu. Ng'ambo ya ziwa la kina Dogo, Malawi, kwenye hospitali ya Kamuzu Central ya Lilongwe, walifanya utafiti wa awamu ya kwanza na ya pili kwa pamoja, kuona kama rituksimabu, dawa iliyotumika Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, inaweza kutumika kwa usalama kwa watu wazima wenye aina nyingine ya limfoma, wengi wao wakiishi na VVU. Watu 37. Ripoti ikatoka 2021. Hawakuwa waliorudiwa na ugonjwa, lakini nilifurahi kuona kwamba utafiti wa namna hiyo unaweza kufanyika kwa majirani, kwa utaratibu, na majibu yakawekwa hadharani wote wasome.

Siku ya pili jioni tukakaa. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu la maandalio ya somo, mana ndo karatasi niliyokuwa nayo. Malengo mahususi: mwisho wa kipindi wazee waweze kutofautisha tafiti na utapeli. Teh. Nikawaeleza yote hayo, halafu nikaomba tumpigie yule mtu, sauti iwe ya wote. Shemeji akapiga, mimi nikauliza.

"Shikamoo mzee. Huo utafiti una kibali cha NIMR namba ngapi?"

"Marahaba. Kibali kipo, mtaoneshwa mkifika."

"Na TMDA wameuruhusu? Maana dawa inayojaribiwa kwa watu hapa nchini lazima wao waijue."

"Kijana, hayo ni mambo ya ofisini."

"Ni awamu ya ngapi? Na mbona mgonjwa ndiye analipa? Kwa kawaida anayejaribu dawa ndiye anaigharamia."

Kimya kidogo. Halafu: "Hivi nyie mnataka mtoto apone au mnataka makaratasi?" Akakata.

Hakuna aliyecheka. Baba mkubwa alichochea mkaa, akakaa muda mrefu, akasema, "Mwenye ng'ombe mzima hakasiriki ukimfungua ng'ombe mdomo umtazame meno." Basi. Shauri likaishia hapo. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri niliwasindikiza stendi. Uvimbe wa aina hii unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili, wadau. Wiki tatu za kusubiri "dawa ya nje", juu yake wiki za kumtafuta mtu wa mbao! Milioni nne na nusu ingeuma, lakini siku zile ndizo zingemuua.

Muhimbili walimpokea, wakampima upya, wakamuanzishia kundi la pili la dawa. Hii ngoma nyingine. Kemo ya kwanza aliitania, hii ilimlaza. Damu ilishuka, akaongezewa mara kadhaa, midomo ikatoka vidonda, hakula siku nne. Ninavyoandika, uvimbe wa jicho umepungua kiasi kwamba jicho linafunguka lote, na ameniagiza mpira namba nne. Daktari amemwambia dada ukweli: ni mapema mno kusema. Amesema pia kwamba ugonjwa huu ukikaa mwaka mzima bila kurudi, ni nadra kurudi tena. Kwa hiyo ukoo mzima tunahesabu miezi.

Usiku mwingine huwa nawaza: je, na hizi zikishindwa? Je, siku hiyo daktari wa kweli, mwenye vibali vyote, akileta fomu ya ridhaa ya awamu ya kwanza? Dada aliniuliza hilohilo kwa simu. Nilimwambia siwezi kumsainia, ila najua maswali ya kuuliza: ni nini kimeshajulikana, nini hakijulikani, mtoto ataumia kiasi gani, anaweza kuacha lini, na kama akiacha ataendelea kutibiwa kama kawaida. Na Dogo naye aulizwe. Ana miaka minane lakini anajua maumivu kuliko sisi sote. Akasema, "Na wewe ungesaini?" Nikamwambia ningesaini kama ningeelewa kwamba nafasi ya kumsaidia yeye ni ndogo na ya kumsaidia mtoto anayekuja nyuma yake ni kubwa kidogo, na kama yeye Dogo angekubali. Akanyamaza, akasema, "Ndo wale wa Kampala." Nikamwambia ndo wale wa Kampala.

Kwa sababu ukifikiria, dripu ya kwanza iliyomwingia Dogo ilikuwa imeshapimwa juu ya mtoto mwingine, miaka zaidi ya hamsini iliyopita, kwenye wodi ya Mulago. Mtoto yule hakujua jina la Dogo. Wengine wao walirudi nyumbani kuchunga mbuzi, wengine hawakurudi. Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker mwaka 1972, na walistahili. Watoto wamebaki kuwa idadi kwenye jedwali. Bibi alipouliza kuhusu panya nilikosa jibu siku ile. Sasa ninalo, ila nataka nimwambie ana kwa ana, si kwa simu.

Haya, mawili ya mwisho halafu niwaache.

Moja, kwa walimu wenzangu. Wengi wetu tutapangiwa kazi ziwani, mabondeni, pwani, kwenye mbu. Ukiona mtoto meno yanalegea bila sababu, taya au tumbo linavimba haraka, jicho linasukumwa nje, usimwache mtu aishie kwenye kung'oa jino. Sema apelekwe hospitali kubwa wiki hiyohiyo. Wewe ndiye unayemwona kila siku asubuhi.

Pili, watu wa damu salama wakija chuoni, msikimbilie kafeteria. Mimi nimeshatoa, na naogopa sindano kuliko supp. Chupa alizoongezewa Dogo mwezi wa tisa zilitoka kwa watu ambao hatuwajui, na huenda mmojawapo ni msomaji wa humu.

Nikipata habari za Dogo nitawaandikia, ziwe za namna yoyote. Sasa ngoja nirudi kwenye desa la Saikolojia ya Elimu, maana Jumatano kuna jaribio, na safari hii anayepimwa ni mimi.

Tuko pamoja.